Uso wa Aselefech

Sene 26

Daftari hili ni la Fikirte, mjukuu wangu. Shule imefungwa na kurasa nyingi zimebaki tupu, nami sipendi kitu kikae bure ndani ya nyumba yangu. Basi nitaandika mimi.

Shule sikwenda hata siku moja. Herufi za kwanza nilizipata kwa baba yangu, Merawi, aliyekuwa mchoraji wa makanisa. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akanichukua mimi nimsagie rangi, na baadaye nimwandikie majina ya watakatifu chini ya miguu yao. Nilijua kuandika Giorgis na Mikaeli kabla sijajua kuandika Yirgedu, na hilo ndilo jina langu. Herufi zilizobaki nilizipata enzi za wanajeshi, walipotukusanya akina mama ghalani tusome. Kwa hiyo atakayesoma humu asitafute maneno mazuri.

Mvua imeanza. Ngozi tano za mbuzi nimeziwamba kwenye viunzi, na hakuna hata moja iliyokauka. Nyumba nzima inanuka mbuzi.

Sene 27

Mvua.

Sene 29

Leo Fikirte amekuja kukaa karibu na jiko, akaniambia, "Bibi, nichoree mama na baba, wakiwa pamoja."

Nikamuuliza wa nini.

"Mama nimeanza kumsahau. Jana nilimtafuta kichwani nikamkosa."

Ana miaka minane. Mama yake ni Aselefech, mtoto wangu wa pekee, aliyefariki mwezi wa Hamle mwaka jana, akijifungua. Mtoto naye hakuvuta pumzi. Picha ya kamera hakuwahi kupigwa. Nani angempiga huku?

Nikasema jambo hilo ni dogo. Mimi ni mchoraji, miaka arobaini na sita sasa, na michoro yangu Tangut, jirani yangu, huipeleka mjini siku ya soko na hairudi. Nikachukua kipande cha ngozi kilichobaki mwaka jana, nikaanza na macho, kama nilivyofundishwa. Baba alisema kila mtu huanza na macho. Mwema anatazama mbele, macho mawili, makubwa, yakutazame nawe uyatazame. Mwovu anachorwa ubavu, jicho moja: Yuda, na askari wa mkuki, na shetani mwenyewe, ili mtu anayesali asije akakutana nao macho kwa macho. Hata asiyejua herufi anaingia kanisani kwetu akajua nani ni nani.

Kabla kahawa haijachemka mara ya pili nilikuwa nimemaliza. Fikirte akatazama muda mrefu.

"Huyu ni Maria," akasema.

"Ni mama yako."

"Bibi, huyu ni Maria. Yuko kanisani, na yuko kwenye kopo la sukari la Tangut."

Nikamwambia aende akawaingize kuku wasinyeshewe. Alipotoka nikatazama. Ni kweli. Nilikuwa nimechora Maria, na hata nimemfunika shela ya buluu ambayo Aselefech hakuwahi kuwa nayo.

Hamle 2

Nimekwangua uso ule kwa kisu nikachora mwingine. Ametoka Maria. Nimekwangua tena. Ametoka Maria mwenye huzuni.

Tangut alipita kuomba moto, akachungulia. "Mwenzangu, huyu Aselefech wako anamngoja malaika amletee habari?"

Nikamwambia achukue moto wake aende zake.

Hamle 3

Maria.

Hamle 6

Gundi imeota ukungu. Nimeimwaga, nimechemsha nyingine. Mto unasikika mpaka hapa.

Hamle 8

Dagnachew amefika kutoka Metema, kwenye mashamba ya ufuta, kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka ya marehemu. Ni baba yake Fikirte. Amefikia kwa kaka yake, kule chini ya mteremko, na amefanya vyema kutofikia kwangu.

Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Huyu mtu simpendi. Mwanangu alipokuwa anahangaika sakafuni siku mbili, yeye alikuwa ng'ambo ya mto, mjini, kwenye nyumba ya bia. Watu walimwona. Alirudi tumeshazika.

Nimempa mkate wa injera na mchuzi wa shiro kwa sababu ni mgeni. Kumlisha tonge kwa mkono wangu, kama mama anavyomlisha mkwe, sikumlisha. Aliona. Fikirte ndiye aliyemlisha baba yake, kwa kidole gumba na viwili vyake vidogo, mchuzi ukamtiririka kidevuni.

Hamle 10

Nimemchora Dagnachew pembeni ya nafasi ya Aselefech. Sijachora mtu kwa haraka vile mwaka huu. Ubavu, jicho moja.

Mkono haukuteleza. Nilijua ninachofanya, na nilipomaliza nikajisikia mwepesi. Nimeuficha mchoro nyuma ya chungu cha nafaka. Nitachora mwingine wa kumpa mtoto.

Hamle 19

Ngoja niandike.

Leo ndiyo ilikuwa kumbukumbu ya mwaka. Kuanzia asubuhi watu waliingia na miavuli ya nyasi, tukawaweka ndani na chini ya turubai. Bia ya nyumbani nilipika mitungi minne. Abba Worku, kasisi wetu, alisali, watu wakala. Wazee walikaa upande wa ukuta, Dagnachew katikati yao, ameinamia sahani. Hakuna aliyekuwa anasema naye sana. Mwaka mzima nimehakikisha hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Fikirte alitumwa kuleta nafaka ya kumwaga mlangoni. Akakaa huko. Aliporudi hakuwa na nafaka. Alikuwa ameshika ile ngozi kwa mikono miwili, ameinyanyua juu ya kichwa watu waione.

"Baba, ona. Bibi ametuchorea. Mama bado hajamaliza, lakini wewe upo."

Kelele zilikatika kuanzia mlangoni hadi ukutani. Kila mtu mle ndani amebatizwa kwenye kanisa moja na amekua akitazama kuta zilezile. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee mmoja alitema bia yake kikombeni. Tangut akaweka mkono mdomoni, yeye ambaye mdomo wake haukai.

Dagnachew aliichukua ngozi. Akaitazama, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaitazama tena. Halafu akamuuliza mwanawe, taratibu, "Umenijuaje kuwa ni mimi?"

"Kwa shati," akasema Fikirte. Kisha nikaiona akili yake inavyotembea, kutoka shati hadi usoni. "Bibi," akasema, "jicho lake lingine liko wapi?"

Nilikuwa na birika mkononi. Nikaliweka chini.

Dagnachew alinirudishia ngozi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayerudisha sahani ya watu. "Nilidhani nikirudi tutalia pamoja, Mama," akasema. "Mwaka Mpya ukipita nitaondoka na mwanangu. Nimepata chumba Metema."

Akavaa kofia akatoka mvuani. Abba Worku alifunga kwa sala. Watu wakamaliza kula haraka haraka wakaniaga, na wote walinitazama miguuni.

Hamle 20

Hakuna aliyekuja.

Hamle 21

Mvua ya mawe. Imevunja maboga mawili.

Hamle 26

Nilikuwa namsuka nywele Fikirte. Akauliza bila kugeuka, "Bibi, baba ni mbaya?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kichwa chake kilikuwa magotini kwangu, na nikakumbuka Meskerem, Mwaka Mpya, haiko mbali. Nikasema sijui.

"Lakini wewe ndiye uliyemchora."

Nehase 1

Mfungo umeanza. Nimekula kunde.

Nehase 4

Leo mvua ilisimama kidogo. Nikafunga mkaa na ubao kwenye shuka, nikateremka hadi kwa kaka yake Dagnachew. Nilimkuta barazani anachonga mpini wa jembe.

"Mama," akasema, hakusimama mara moja. "Umeleta jicho la pili?"

"Kaa vizuri."

"Nimekaa."

"Geukia huku. Nataka kukutazama usoni kabla mwanga haujapotea."

"Mwaka mmoja hukutaka kunitazama, leo mwanga umekuwa shida?"

"Dagnachew, mimi ni mzee, nimetembea kwenye matope mpaka hapa. Kaa."

Akakaa. Nami nikaweka macho mawili ubaoni, na nilipoinua kichwa kulinganisha, nikaona hayafanani kabisa na aliyekaa mbele yangu. Yangu yalikuwa mapacha, mviringo, mstari mweusi kuzunguka. Lake la kushoto liko chini kuliko la kulia, kope limelala kidogo kama mlango uliolegea bawaba. Miaka tisa amekula nyumbani kwangu na sikuwa najua hilo. Nikafuta. Nikachora. Mkono ukayafanya mapacha tena. Nikafuta.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Nyamaza, unasogea."

Halafu akaanza kusema, akiwa amenitazama kwa sababu nilimwambia anitazame.

"Nilikuwa nyumba ya bia. Waliokuambia hawakudanganya. Pale ndipo wabeba machela wanapongojea kazi. Niliwapata wanne. Tulipofika mtoni, maji yalikuwa yameshafika kwenye mti wa kivukoni. Mmoja alijaribu kuvuka, mto ukamchukua hatua kumi, tukamvuta kwa kamba. Tukakaa ukingoni siku mbili. Moshi wa nyumba yako nilikuwa nauona, Mama. Siku ya pili jioni nikaona wanawake wanatoka wameweka mikono kichwani. Wale wabeba machela wakavua kofia. Hakuna aliyeniambia kitu."

Mkaa ulivunjika mkononi mwangu.

Sasa nitaandika kile ambacho sijakiandika wala kukisema, hata kwa Abba Worku kwenye kitubio. Wiki moja kabla, Dagnachew alileta nyumbu wa kupanda mlangoni kwangu. Alitaka kumpeleka Aselefech mjini, akakae kwa shangazi yake karibu na kituo cha afya mpaka ajifungue, kwa sababu mto ulikuwa unapanda. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisimama kizingitini nikasema wanawake wa nyumba hii huzalia ndani ya nyumba hii, na mwanangu si mbuzi wa kupelekwa mnadani. Aselefech alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kitambaa. Alinitazama, halafu akakifungua kitambaa. Nyumbu akarudi mtupu.

Tulikuwa watatu tu siku ile. Mmoja amekufa. Nikamuuliza Dagnachew, "Habari za nyumbu umemwambia nani?"

"Nyumbu yupi?" akasema.

Nikamtazama. Hakuwa amesahau.

"Siku ya kumbukumbu, ungeweza kusema mbele ya wote."

"Fikirte alikuwepo," akasema. "Ana bibi mmoja tu."

Sikuchora tena leo. Nimepanda mteremko, nimesimama mara nne.

Nehase 5

Nimelala mchana kutwa. Fikirte amepika mwenyewe, ameunguza, tumekula.

Nehase 9

Nimeteremka tena kwake. Na jana pia. Hatuzungumzi sana. Ninamtazama.

Nehase 13

Sikukuu ya mikate. Wavulana wamepiga mijeledi tangu asubuhi, wameimba mlangoni, nimewapa mikate saba. Mmoja ameimba vibaya makusudi, nikampa mdogo.

Nehase 18

Macho ya Dagnachew yamekaa. Siwezi kusema ni mazuri. La kushoto liko chini. Nimeyachora mara kumi na moja, na ngozi ya kwanza niliikwangua mpaka ikatoboka, ikabidi nianze kwenye nyingine, maana mkono una ukaidi kama punda wa kinu: ukiufungua kamba bado unazunguka palepale. Nilipata njia moja. Nilianza na kope lile lililolegea, kabla mkono haujajua kwamba ninachora jicho.

Nimemwonyesha Fikirte. Ameweka kidole juu ya kope. "Hivi ndivyo anavyokuwa akisikiliza," akasema.

Sasa upande wa Aselefech kwenye ngozi ni mtupu, na ndio uliokuwa mwanzo wa yote haya.

Nehase 24

Simpati.

Nikifumba macho nipate uso wa mwanangu, anakuja Maria anasimama mbele, shela ya buluu na yote. Nimemwomba aondoke. Nimesema, Mama wa Mungu, nakuheshimu, lakini nipishe kidogo. Haondoki.

Dagnachew nilikuwa naye, nikamtazama. Huyu nitamtazama wapi? Nimemzaa, nimemnyonyesha, miaka ishirini na sita tulikuwa chini ya paa moja, na leo ukiniuliza macho yake yalikuwa na rangi gani nitakwambia ya kahawa kwa sababu ya watu wote ni ya kahawa.

Nehase 25

Nimemuuliza Tangut anamkumbukaje. "Alikuwa mzuri," akasema. Watu hawana msaada.

Nehase 29

Dagnachew amemnunulia mtoto viatu vya safari. Fikirte amevivaa ndani ya nyumba siku nzima, tap tap tap. Nimemwambia avivue.

Pagume 3

Leo ni siku ya Rufaeli, na mvua ya leo ni baraka. Kila mwenye miguu alitoka kuoga. Nami nilikaa mlangoni kwenye kigoda, nimenyoosha mikono nje, nikiwa na jiwe langu la kusagia mbele yangu na udongo mwekundu ambao haujasagwa.

Fikirte alikuwa uani na wenzake. Alipochoka akaja kukaa karibu nami, upande wa kushoto, akainama kukamua nywele. Akashika jiwe, akaanza kunisagia udongo bila kuambiwa. Nikamtazama kwa pembe ya jicho tu, kwa sababu nilikuwa natazama mvua.

Na hapo Aselefech akaja.

Alikuwa kushoto kwangu. Tangu akiwa na miaka sita alikaa pale, kushoto, anasaga, mimi nachora. Miaka ishirini. Sikuwa namtazama mbele kwa sababu mbele kulikuwa na ngozi na watakatifu. Nilimjua kwa ubavu. Sikio dogo lililokaa juu, na tundu la hereni lililochanika alipovutwa na ndama. Kitambaa kimefungwa nyuma, unywele mmoja umetoroka. Shavu lina vumbi jekundu. Mdomo umebana kidogo, kwa sababu alikuwa anahesabu mizunguko ya jiwe, na ukimsemesha anakuinulia kidole usimpoteze hesabu. Mtu mzima, mke wa mtu, anahesabu.

Nililia kwa sauti. Watoto walidhani ni baraka za mvua, wakaniacha.

Pagume 4

Nimeanza na sikio. Katika maisha yangu sijawahi kuanza mtu kwa sikio.

Nikashuka shingo, nikapanda kitambaa, shavu, pua, mdomo ule. Jicho nimeliweka mwisho, moja, limeinamia jiwe. Sikukwangua hata mara moja.

Pagume 5

Tangut amekuja na Abba Worku. Tangut huyo huyo. Nilimwonyesha asubuhi, na kabla ya mchana ameshaleta kanisa.

Abba aliitazama ngozi akakaa chini. "Yirgedu," akasema, "mume umempa macho mawili, vizuri, Mungu akubariki. Lakini mwanao mwenyewe umemtia upande wa Yuda?"

"Nimemtia upande aliokuwa anakaa."

"Watu watasema nini? Kesho kutwa mtoto atauliza mama yake alifanya dhambi gani."

"Na yule baba," akaingilia Tangut, "ulimkosea mara ya kwanza akaamua kuchukua mtoto. Ukimkosea mara ya pili, kwa mkewe, hata barua hutaiona. Mgeuze tu, mwenzangu. Mpe jicho moja la kuongezea, utapungukiwa nini?"

Maneno ya Tangut yaliniingia, sitaficha. Pagume ina siku tano tu, Mwaka Mpya ni kesho. Maria ninaweza kumchora kabla kahawa haijachemka mara ya pili, na hakuna atakayenilaumu. Mchoro huu ndio mlango pekee uliobaki kati yangu na yule mtoto.

Nikamuuliza Abba, "Wewe nikija kwenye kitubio, unanitazama wapi?"

Akafikiri. "Sikutazami. Nainamisha sikio."

"Basi inamisha sasa," nikasema. Nikamtoa Tangut nje. Nikamwambia Abba habari za nyumbu.

Nilipomaliza aliinua kichwa. Halafu akasema hili si langu kulimaliza na yeye, kuna mtu wa kuambiwa, na wa kuambiwa mbele ya wale niliowapotosha. Kuhusu mchoro hakusema tena.

Meskerem 1

Mwaka Mpya. Mvua hakuna. Mbingu zimeoshwa.

Wasichana walipita na maua ya njano wakiimba, Fikirte akiwa mbele na viatu vyake vya safari. Nilichinja jogoo. Nikawaita Tangut, Abba, kaka yake Dagnachew, na wazee wale waliokaa ukutani siku ya kumbukumbu. Dagnachew alikuja mwisho akasimama karibu na mlango.

Sikungoja watu waanze kula. Nilisimama nikasema. Nilisema nyumbu aliletwa lini, nani alimrudisha, na maneno niliyosema kizingitini, yote, pamoja na yale ya mbuzi. Nikasema huyu mtu alikuwa mjini akitafuta wabeba machela, na mwaka mzima mimi nimekuwa nikiwaambia alikuwa anakunywa. Mzee mmoja akasema, "Kaa, Yirgedu, inatosha." Nikasema haitoshi.

Fikirte alisikia. Nilitaka asikie kwangu.

Halafu nikampa Dagnachew ngozi.

Aliipeleka kwenye mwanga wa mlango, kama mara ile. Nikamwona anajitambua, akapitisha mkono kwenye kope la kushoto. Kisha akahamia kwa mkewe. Watu wote walikuwa wameinua shingo, na nikasikia mmoja anavuta pumzi alipoona jicho moja.

Akatazama. Akatazama.

"Mbona hajageuka?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Alikuwa na kazi," nikasema.

Fikirte akajipenyeza chini ya mkono wa baba yake. Akaweka kidole kwenye lile sikio lililochanika. "Nilikuwa namnong'oneza hapa," akasema. "Akawa ananifanyia hivi." Akainua kidole kimoja. "Baba, anahesabu."

Dagnachew alicheka, na kicheko hakikufika mwisho, kikakatikia ndani. Alikaa chini palepale mlangoni. "Ndiye," akasema. "Akipika pia alikuwa hageuki. Nilikuwa namwambia, we mwanamke, nitazame, nimerudi. Anainua kidole."

Nikakata injera, nikachovya kwenye mchuzi, nikachukua na kipande cha paja. Magoti yangu hayakunjiki vizuri siku hizi lakini yalikunjika. "Fungua mdomo, mwanangu," nikasema. Akafungua. Tonge lilikuwa kubwa mno, akatafuna muda mrefu huku machozi yanamtoka. Kwa desturi tonge moja haliruhusiwi, nikamtengenezea la pili.

Meskerem 3

Nilitumaini atasema Fikirte abaki. Niandike ukweli: nilitumaini hivyo mpaka leo asubuhi. Hakusema, nami sikuomba. Ana baba. Chumba kimepatikana, na shule ipo Metema.

Lakini amesema hivi, na nimemfanya arudie mbele ya Abba: kila mwaka shule ikifungwa atamleta, na atamleta kabla mto haujapanda.

Meskerem 5

Wameondoka. Mto umepungua, wamevuka maji yakiwa chini ya magoti, mtoto mabegani na viatu vyake vimening'inia shingoni kwa kamba. Ngozi nimeifunga kwa shuka, halafu kwa nailoni, na Dagnachew ameivaa ndani ya koti. Fikirte aligeuka kunipungia mpaka mwisho. Nilisimama nikamtazama mbele, macho yote mawili, nisije nikasahau na huyu.

Meskerem 6

Kimya.

Meskerem 9

Ngozi zimekauka zote, zinalia kama ngoma ukizigonga. Tangut amekuja kunikumbusha kwamba sikukuu ya Msalaba iko karibu na soko litajaa, anataka Maria wanne. Amekaa kushoto kwangu bila kuambiwa, akanisagia udongo vibaya, huku anasema. Nimemwacha.

Nimechukua ngozi ya kwanza. Mkono ukaenda wenyewe pale yanapokaa macho, nikaushika kwa mkono wa pili, nikaushusha.

Nimeanza na sikio. Nione atageukia wapi.